Hodi ya Paani

Watu wa kartie yetu, mtaa wetu huu, wakikuambia kwamba shemeji yangu Jafari hakufika Makka kwa sababu aliogopa ndege, waambie Latifa amesema ni waongo. Wakiuliza Latifa gani, waambie yule wa mawese, mke wa Asmani fundi wa parabole. Mimi nilikuwepo. Nilikuwepo jikoni siku maneno yaliposemwa, nilikuwepo chini ya ngazi siku mambo yalipofichuka, na siku ya Arafa nilikuwa nimekaa mkekani na macho yangu mawili. Kwa hiyo kaa nikueleze, na usinikatize, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilipofika.

Kwanza ujue kazi yenyewe. Parabole ndogo za televisheni, za ukubwa wa ungo, kila mtu hapa Rumonge anajifungia mwenyewe kwa waya na bahati. Sisemi hizo. Nasema yale madishi makubwa ambayo mtu mzima anaweza kujikunja ndani yake akalala, yanayokamata stesheni za mbali. Ukiliweka chini uwanjani, kuku watalipanda na mbuzi watakula waya. Kwa hiyo linawekwa juu ya nyumba, na nyumba zetu mabati yake yameinama, upande huu unatelemka kwa barabara, upande ule unatelemka kwa ziwa. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Miguu ya kusimamishia inakatwa mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine, ili mlingoti usimame wima hata kama paa limelala. Na bolti haipiti popote tu. Inapita kwenye mgongo wa bati, pale palipoinuka, si kwenye mfereji ambamo maji yanatelemka. Ukitoboa mferejini, mvua ya kwanza inaingia ndani, na hakuna lami itakayokuokoa.

Hayo yote mume wangu alifundishwa na kaka yake Jafari. Baba yao alikufa Asmani akiwa bado mdogo, Jafari akamlea, akamfundisha kushika kle, ile spana, na kukaza nati. Na akamfundisha jambo jingine, ambalo kwa Jafari lilikuwa kubwa kuliko nati zote. Ukiwa juu ya nyumba huku kwetu, unaona kila uwanja wa nyuma: nani anaoga, nani amevua mtandio anasukwa, nani amekaa analia peke yake. Kwa hiyo Jafari, kabla hajaweka mguu kwenye ngazi, alikuwa anaweka mkono mdomoni na kuita kila upande: "Paani! Paani! Mujistiri, mutu anapanda!" Halafu anangoja. Hapandi mpaka kila uwanja umejibu, na wa mwisho kujibu ni mwenye nyumba yenyewe: "Panda!" Jua lichome, upepo uvume, yeye amesimama tu na kofia yake. Mafundi wengine walimcheka. Lakini wanaume wa kartie, Waislamu na Wakristo, walipotaka dishi kubwa waliwaita hao ndugu wawili na si mwingine.

Sasa Benedicte. Benedicte ni mama wa Kikongo, ametoka Uvira, anauza vitenge, na mdomo wake na wangu ungedhani tumezaliwa tumbo moja. Alitaka dishi kubwa ili aone mahubiri ya kwao. Ndugu wakalifunga wakati wa kiangazi, likashika vizuri, Benedicte akawapa na soda juu. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yakapita kwenye tundu la bolti, yakatelemka moja kwa moja juu ya marobota ya vitenge vyake. Rangi zilichuruzika mpaka barazani.

Wee! Alitoka barabarani na kitenge kimoja kimelowa mkononi, anapiga kelele. "Nani alitoboa bati langu? Nitajie mutu! Nani?"

Kartie nzima ilikuwa imesimama. Jafari na Asmani waliitwa wakaja. Na Jafari, na ndevu zake na kanzu yake, akamwonyesha Asmani kwa kidole. "Ni mudogo wangu," akasema. "Mumusamehe, bado anajifunza."

Bado anajifunza! Mtu ana mke nyumbani na ndevu kidevuni, bado anajifunza! Na mimi nilijua, maana Asmani aliniambia jioni ile ile, kwamba tundu hilo alilitoboa Jafari mwenyewe. Asmani alikuwa upande wa pili anachanganya lami. Lakini hajawahi kumjibu kaka yake mbele ya watu, na siku hiyo pia hakumjibu. Aliinamisha kichwa, akaokota kitenge kilichoanguka, akakikamua maji.

Benedicte akampa jina palepale: Asmani Mvua. Jina likashika. Vijana wa barabarani wakimwona anapita jua likiwaka, wanafungua miavuli. Sokoni mimi nikaitwa Mama Mvua, na wa kwanza kuniita hivyo nilimmwagia mawese kwenye viatu, sijuti. Lakini kazi ilikufa. Nani atampa Asmani Mvua paa lake? Ikabidi atafute kazi mbali, Muhuta, Kabonga, kwa watu wasiolijua jina hilo, anarudi nyumbani amechoka kama punda. Na Jafari geti lake linatazamana na letu. Wakikutana ni salamu tu, "amahoro", "amahoro", basi. Miaka ikaenda hivyo.

Kisha mtoto wa Jafari, Maneno, aliyeko Kanada, akamtafutia baba yake nafasi ya kwenda kuhiji. Furaha iliyokuwapo sikuelezi. Na wewe unajua, mtu anayekwenda Makka haondoki hivi hivi. Anapita kwa watu kuomba radhi. Jafari alipita nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa watu aliogombana nao kwa sababu ya kuku. Alikwenda mpaka kwa Benedicte, na Benedicte akalia, akampa kipande cha kitenge kipya mkewe Kulthumu amfungie mzigo wa safari. Kwetu alikuja mwisho. Na hakupita mlango wa mbele. Alipita wa jikoni.

Nilimkalisha kwenye kigoda, nikammiminia chai. Asmani alikuwa amekaa mbele yake anakoroga sukari iliyokwisha yeyuka zamani.

"Asmani, mudogo wangu," Jafari akasema, "nakwenda kwa Mungu. Ile tundu ya kwa Benedicte ni mimi niliitoboa. Wewe unajua, na mimi najua. Macho yangu yalikuwa yameanza kukataa. Sikuona mgongo, sikuona mfereji, nilipiga tu. Nikaogopa watu wakijua sioni, kazi yangu itaisha. Nikakutupia wewe. Sasa yanazimika kabisa, daktari amesema. Nataka niione Kaaba kabla hayajazimika. Unipe radhi."

Nilimwangalia mume wangu. Nilijua atasema. Moyo wake ni wa asali, huyu, utamkuta anamwombea dua hata aliyemwibia ngazi. Lakini alikoroga tena ile chai.

"Kaka," akasema, "ulinichafua barabarani, mbele ya watu. Leo unaniomba radhi jikoni, mbele ya sufuria?"

Jafari akaweka kikombe chini. Halafu akasema, "Nitasema mbele ya watu. Wallahi nitasema. Nikirudi."

"Basi ukirudi utasema. Na mimi nikisikia, nitakupa."

Nilimkanyaga mguu. Akauvuta. Na nikuambie ukweli wangu, sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi kidogo, maana na mimi niliitwa Mama Mvua. Lakini nilimkanyaga.

"Na nisiporudi?" Jafari akauliza.

"Utarudi tu, kaka. Nenda salama."

Jafari akashukuru, murakoze, akatoka na mlango ule ule wa jikoni. Chai aliiacha imejaa.

Siku ya kumsindikiza walipiga dufu kutoka msikitini mpaka barabara kubwa. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walimshika mikono, kila mtu anamwambia ataje jina lake huko. Asmani ndiye aliyebeba sanduku. Alilipandisha garini, akalifunga vizuri kwa kamba, akarudi nyuma. Macho yao yalikutana kwenye kioo. Mdomo wa mume wangu ulifunguka, nikasema moyoni, haya, sema, sema jamani! Dereva akawasha gari.

Tangu hapo Asmani hakupata raha. Unampa chakula, anakiangalia. Jioni ile ile akaniambia, "Latifa, nimefanya vibaya."

"Umefanya vibaya sana," nikamwambia. "Mupigie."

"Nimupigie nimuambie nini kwa telefoni? Mutu anakwenda kwa Mungu, mimi namupa radhi kwa telefoni kama namuagiza sabuni?"

Wanaume! Kumbe alikuwa na fikira nyingine. Kuna stesheni inaonyesha Makka kila siku, watu wanazunguka Kaaba, na siku ya Arafa inaonyesha uwanja wote mchana kutwa. Lakini haishikiki kwa dishi dogo. Asmani alijua dishi kubwa lililolala bure Kabonga, kwa tajiri mmoja aliyehama. Akasema atalileta, atalifunga juu ya nyumba ya kaka yake, ili Kulthumu amwone mumewe akiwa Arafa. Na Jafari akirudi, ataona juu ya paa lake kazi ya mdogo wake, imesimama wima. Hiyo ndiyo ingekuwa radhi. Kesho yake alfajiri akaenda Kabonga, na mimi nikapanda Kizuka kuchukua mawese. Nyumba tuliifunga. Alirudi baada ya siku kadhaa, juu ya gari la ndagala, amelishikilia dishi kwa mikono miwili na ananuka samaki.

Basi Kulthumu akakataa. "Hapana shemeji, paa langu iko bovu." Asmani akasema atalitengeneza. "Hapana shemeji, kichwa kinaniuma, makelele ya televisheni sitaki." Asmani akarudi tena. Kulthumu akaongea naye kupitia upenyo wa geti, geti lenyewe hakulifungua. Na huyu ni Kulthumu ambaye mlango wake haujawahi kujua ufunguo! Tukimuuliza habari za Jafari, anasema yuko salama, simu za huko ni shida. Asmani naye alishindwa na fikira zake, akapiga, simu imezimwa.

Mimi nikaanza kuangalia. Mwanamke peke yake nyumbani, sokoni ananunua unga wa watu wawili, ndagala za watu wawili. Nikamwambia Asmani, "Shemeji yako iko na mwanaume ndani." Alinikemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Mungu anisamehe, nilisema kweli na nilikosea kwa wakati mmoja.

Siku moja kabla ya Arafa, Kulthumu alitoka na kapu lake kwenda sokoni. Asmani akasema, "Twende sasa. Akirudi atakuta kazi imekwisha, hata kukataa hataweza." Tukaegemeza ngazi upande wa barabara. Vijana wawili wa jirani wakatusaidia kulivuta dishi kwa kamba, likalala juu ya bati, wakaondoka zao. Mashine ya kusaga unga iliyopakana na ukuta wa Jafari ilikuwa inanguruma, hata kusikilizana ilikuwa shida. Asmani akaweka mkono mdomoni aite hodi. Halafu akaushusha.

Kwa sababu angemwita nani? Upande wa ziwa nyumba zimehamwa tangu maji yalipopanda, zimebaki kuta. Upande wa pili ni mashine ya unga. Uwanja uliobaki ni wa Jafari mwenyewe, na mwenye nyumba yuko Makka, na mke yuko sokoni. "Nitamuita paka?" akaniambia, akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kwake wiki hiyo. Akapanda.

Mimi nilishika ngazi. Nilimwona anafika juu, anasimama kwenye mgongo wa nyumba, anaangalia chini upande wa uwanja wa nyuma ili apime pa kuweka mguu mrefu. Akasimama vile vile. Hakusogea. Kle ikamponyoka mkononi, ikatelemka batini inapiga kelele mpaka chini.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Asmani! Ni nyoka?"

Nikaiacha ngazi, nikazunguka kwenye zile kuta zilizohamwa, nikapita palipobomoka, nikaingia uwanja wa nyuma wa Kulthumu. Na nilikuwa nimejitayarisha kumkamata huyo mwanaume, wallahi nilikuwa nimeokota mti.

Jafari alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, na ungo wa ndagala mapajani, anachambua mchanga kwa vidole kwa sababu kwa macho hawezi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya safari. Mashine ya unga ilikuwa imezimwa, na yeye alikuwa ameinua uso juu, anakaza macho kuelekea paani.

"Hukuita," alisema.

Asmani akajibu kutoka juu. "Hukwenda."

Nilitupa ule mti. Nilikaa chini mavumbini, sikutafuta hata pa kukalia.

Jafari alisema yote palepale, na Asmani akiwa juu bado, ameshindwa kutelemka. Kule Bujumbura mahujaji walikusanyika wangoje ndege. Sheikh akawaambia kila mtu awaombee waliompa radhi, kwa majina. Wenzake wakataja. Na yeye akataja, mtaa mzima, mpaka Benedicte. "Nikafika kwa jina lako, nikanyamaza," alisema. "Nikamuambia sheikh, kuna mmoja. Akaniambia nenda tu, Mungu anajua. Nilijua kwamba anajua. Ndiyo maana miguu ilikataa."

"Kaka, ungenipigia!" Asmani akasema.

"Nilikupigia. Nikapanda gari la alfajiri kurudi, ili nisimame barabarani niseme mbele ya watu, halafu nikimbilie ndege. Nilipiga hodi kwako. Hakukuwa na mutu. Nikapiga telefoni, hupatikani."

Kabonga, wakati mwingine simu inashika mtandao wa Tanzania, laini ya huku inakufa. Asmani alikuwa huko, anafungua nati za dishi la kumwonyesha kaka yake. Na mimi nilikuwa Kizuka nabishana na watu juu ya mawese. Jafari alikaa kwenye mlango wetu wa jikoni, asikoonekana, mpaka ndege ikaondoka. Ndipo usiku Kulthumu akamwingiza ndani na kufunga geti, kwa sababu watu walikuwa wamempigia dufu. Uso gani angewaonyesha? Uwanjani alikuwa anakaa bila wasiwasi. Alijua hakuna fundi wa kartie hii anayepanda bila hodi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

"Telemka nikupe mukono," Jafari akasema.

Asmani alitelemka. Sijui alivyotelemka upande ule usio na ngazi. Akapiga magoti kwenye zile ndagala. "Nimekupa radhi, kaka. Nilikupa zamani. Nilikupa siku ile gari lilipoondoka, mudomo tu ndio ulichelewa. Nimekupa, nimekupa."

Jafari alimpapasa kichwa kama alivyokuwa akimfanyia utotoni. "Najua," akasema. "Lakini sasa nitakwenda nayo wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ingekuwa nafuu. Nafasi ile Maneno aliihangaikia miaka, nyingine haipo. Na hata ikipatikana, macho hayatangoja.

Kulthumu aliporudi na kutukuta, aliweka kapu chini akaanza kulia bila sauti. Tukapatana tunyamaze. Asmani alipanda tena kumaliza kazi, kwa sababu dishi limelala juu ya bati na watu wamekwisha liona. Alifunga miguu, akasimamisha mlingoti, akapima kwa pimamaji. Lakini nati za shingo, zinazozuia dishi lisizunguke, alizizungusha kwa vidole tu, na kle ya nati hizo ilikuwa pale chini, hakuna aliyekumbuka kuiokota. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Fundi mzuri kama yule.

Basi dishi kubwa likiwa juu ya nyumba ya hujaji, utawazuia watu? Siku ya Arafa, baada ya adhuhuri, walianza kuingia. Wazee wa msikitini, wanawake na watoto wao, mikeka ikajaa saloni, sebule nzima, mpaka barazani. Benedicte alikuja na msalaba wake shingoni na chupa ya juisi, akakaa mbele kabisa. "Mimi pia nataka kumuona mzee wangu," akasema. Kulthumu alikuwa anagawa vikombe. Jafari alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwa watu wote hao.

Picha ilikuwa safi. Ule uwanda wote mweupe, watu na watu, mikono juu. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nilitamani kuizima televisheni.

"Ule!" Benedicte akapiga kelele. "Njo ule! Mzee Jafari njo ule pale, munamuona? Anayeinama!"

"Ndiye! Wallahi ndiye!"

Saloni ikalipuka. Vigelegele, takbira, mzee mmoja akaanza kulia, wanawake wanamkumbatia Kulthumu, "Hongera, mke wa haji, hongera!" Kulthumu alikuwa amesimama katikati yao na sinia mkononi kama mtu anayepigwa. Na pazia la chumbani likatikisika.

Asmani akasimama. Nilidhani anatoka nje. Akasimama mbele ya televisheni, akaziba picha na mgongo wake.

"Huyo si kaka yangu," akasema. "Kaka yangu hakuenda. Aliniomba radhi, nikamwambia angoje mpaka arudi. Akashindwa kuondoka. Iko hapa. Mukitaka kumucheka mutu, municheke mimi."

Kisha pazia likafunguka na Jafari akatoka, anapapasa ukuta, na kanzu ile ile ya safari. Watu walisogea nyuma kama wameona maiti. Alitafuta kwa uso wake mahali sauti ya Benedicte ilipotokea.

"Mama Benedicte," akasema, "radhi niliyokuomba ilikuwa ya nusu. Nilipokuja kwako kuomba radhi sikukuambia yote. Bati lako nililitoboa mimi. Huyu hakukosa. Hajawahi kuharibu paa la mutu hata siku moja. Nimesema mbele ya watu."

Benedicte aliweka mikono yote miwili mdomoni. "Asmani," akasema mwishowe, "jina lile nimelifuta." Na kweli, hakuna aliyemwita hivyo tena. Mume wangu alikuwa amelingojea neno lile miaka yote, kazi yake ilikufa kwa kulikosa. Lilipokuja, sikuona hata kama alilisikia. Alikuwa anamshika kaka yake mkono, anamkalisha mbele, karibu na kioo, anamwambia hapa kaka, sogea hapa, utaona, ndiyo Arafa hii, sogea kabisa.

Jafari alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Na wakati ule ule upepo wa ziwani, unaoamka jioni wakati wa kiangazi, ukapiga paa. Tulisikia chuma kinalia juu. Picha ikakatika vipande, ikawa nyeusi.

Asmani alitoka mbio. Nikatoka naye kushika ngazi. Kle tuliikuta ukutani ilipoangukia jana. Tayari alikuwa ameweka mguu wa kwanza, nikamwona anaurudisha chini. Akaweka mkono mdomoni.

"Paani! Paani! Mujistiri, mutu anapanda!"

Aliita upande wa ziwa, kwenye kuta tupu. Aliita upande wa mashine, iliyokuwa imefungwa. Halafu akageuka kwenye nyumba yenyewe, akaita kwa sauti iliyopasuka, akangoja. Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, kila dakika ilikuwa na thamani, na yeye anangoja.

Sauti ya Jafari ikatoka ndani. "Panda!"

Alipanda. Mimi nikakaa mlangoni kumpelekea habari za picha, kama tulivyozoea.

"Bado!" nikamwambia. "Bado! Rudisha kidogo! Bado!"

Upepo ulikuwa unalivuta dishi kutoka mikononi mwake, nilikuwa nikimwona amelikumbatia kwa kifua anazungusha kle. Ndani watu wote walikuwa wanaangalia kioo cheusi, na Jafari ameweka kiganja juu yake.

Ghafla picha ikarudi, safi kabisa. Uwanda ulikuwa umebaki na makaratasi na mikeka iliyoachwa. Taa zimewashwa. Mabasi yalikuwa yamepanga mstari, na watu wa nguo nyeupe wanatembea wakiipa kamera mgongo. Kulthumu aliinama sikioni kwa mumewe amweleze, lakini alikuwa amekwisha ona.

"Wameshaondoka," Jafari alisema.

"Imekuja?" Asmani alipiga kelele kutoka juu. "Latifa! Picha imekuja?"

Nilimwangalia Jafari. Alikuwa bado amekaa na kiganja kwenye kioo.

"Imekuja," nikamwambia mume wangu. "Acha hapo hapo. Telemka."